Kola ya Bwana Mstari

Nimeona mbegu zikihifadhiwa ndani ya majivu, ndani ya kibuyu, ndani ya soksi iliyoning'inizwa juu ya jiko ili moshi uzipitie. Nilipata kupanda lori la dereva mmoja aliyetunza mbegu zake za pilipili ndani ya kifuniko cha kalamu, na nikalala kwenye nyumba ya mama aliyebandika mbegu za tango ukutani kwa kiganja, zikakauka hapo hapo kama alama ya mkono. Mtembezi huona mengi, na mengi yake hayana kazi. Lakini mbegu za nyanya kuwa ndani ya kola ya shati, shati lenyewe limeshachukuliwa na mwenyewe, naye yuko kwake anasubiri pasi ishike moto, hilo sijaliona kokote ila nyumbani kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Tumetoka tumbo moja, yeye akatulia, mimi nikawa kiguu na njia, na ndivyo anavyoniita mpaka leo akitaka kunichokoza: Kiguu na Njia, hata mbele ya wateja. Safari hiyo nilikuja kumsalimia, siku chache tu. Siku zote huwa ni siku chache tu.

Chumba chake cha mbele ndicho duka. Kuna meza ya kukatia, cherehani mbili za miguu, kioo kirefu chenye ufa unaomfanya kila mteja aonekane ameteguka bega, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Ukipita jikoni unatokea uani, na huko yamepangwa ukutani makopo ya rangi yaliyotobolewa chini. Makopo hayo yalikuwa ya shemeji yangu, marehemu mume wake. Shemeji alikuwa fundi baiskeli: mchana mikono kwenye grisi, jioni mikono kwenye udongo. Alipanda nyanya za aina moja tu, msimu baada ya msimu, kubwa kama ngumi, zenye mikunjo mirefu kutoka kwenye kikonyo mpaka kitakoni. Mdogo wangu alisema zinafanana na sketi iliyopigwa marinda na fundi mwenye haraka, na tangu hapo zikaitwa Marinda.

Shemeji alipofariki aliacha chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, ndani yake mbegu. Mdogo wangu alizimwaga zote udongoni siku moja bila kubakiza hata moja. Mwenye msiba haweki akiba. Miche ikatoka vizuri, ikarefuka, ikachanua. Halafu mvua ikanyesha mfululizo, majani yakaingia madoa meusi, na kopo moja baada ya jingine likanyauka kama limepitiwa na moto. Ukabaki mche mmoja uliokuwa umejibanza chini ya ukingo wa bati, nyuma ya pipa la maji. Huo ukawahi kuivisha nyanya moja kabla nao haujawafuata wenzake.

Nyanya hiyo ndiyo niliyoikuta juu ya kabati, kwenye sahani, imekaa kama mgeni wa heshima.

"Ndiyo ya mwisho?" nikauliza.

"Ya mwisho duniani. Usiiguse."

"Si ununue mbegu dukani?"

"Niliwahi kununua zamani. Zikazaa vinyanya vya mviringo, vyote sawasawa, kama vifungo. Vifungo ninavyo, Kaka. Nimejaza debe."

"Basi fanya alivyokuwa akifanya shemeji."

"Ningejua alivyokuwa akifanya, ningekuwa naitumbulia macho hivi?"

Hapo nikavutwa. Nina udhaifu huo. Nikisikia kuna jambo mtu alikuwa akilifanya na hakumwambia mkewe, silali. Nikavuta kigoda karibu na cherehani yake nikaanza kumhoji, naye akinijibu huku sindano inakimbia.

Alichokijua kilikuwa vipande vipande. Kila msimu kulikuwa na glasi iliyonuka kwenye dirisha la jikoni. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliikuta ina ukungu juu, akaimwaga, akaiosha kwa mchanga na sabuni. Shemeji aliporudi kutoka kazini aliitazama ile glasi inavyong'aa, akakiacha chakula mpaka kikapoa.

"Nikamwuliza, kwani ilikuwa na nini? Akaniambia, 'Umemwaga mwaka wa kesho.' Basi. Hakusema zaidi. Nami kwa jeuri yangu sikuuliza tena. Nilikuwa nikiiona glasi naipita kama mke mwenzangu."

"Na baada ya kunuka?"

"Anaisuuza. Anasuuza na kusuuza. Anamwaga zinazoelea, anabakiza zilizozama. Baada ya hapo sijui. Nilikuwa nashona."

Kidogo kidogo nikaona ninachokosa na nilichonacho. Maana nami nilipata kukaa kwa mama mmoja mkulima wa bustani, nikimtekea maji kwa malipo ya chakula, naye aliozesha mbegu zake hivyo hivyo. Alinionyesha ule ute unaoizunguka mbegu ya nyanya. Akasema ute huo ni kufuli. Bila kufuli, mbegu ingeona majimaji na joto la tumboni mwa nyanya, ikadhani mvua imekuja, ikaota humo humo. Ukitaka kuifungua, iache ichache. Uchachu unaula ute.

Nikamweleza mdogo wangu. Akasimamisha cherehani.

"Kwa hiyo alikuwa anafungua makufuli?"

"Ndiyo."

"Miaka yote ile dirishani kwangu. Na mimi nafunga pua." Akatikisa kichwa. "Wanaume nao! Si angesema?"

Siku ya pili tukaikata ile nyanya. Alikuwepo pia mpwa wangu, binti ya mdogo wangu, ambaye ndiye mkono wa kola na mifuko pale dukani. Mdogo wangu hakukubali kisu cha jikoni. Alikitafuta kisu kidogo cha shemeji alichokuwa akichongea raba za matairi, akakiosha. Nyanya tukaikata kwa upande, vyumba vyake vikafunguka vyote mara moja, na mbegu tukazikamulia ndani ya glasi pamoja na maji yake. Nyama iliyobaki tukagawana watu watatu, tumesimama. Mdogo wangu alitafuna amefumba macho.

"Chumvi imezidi," akasema.

Mimi na mpwa wangu tukatazamana. Chumvi hatukuwa tumeweka.

Glasi ikakaa dirishani. Kesho yake ilikuwa inanuka kidogo, na kesho kutwa ilikuwa inanuka hasa. Mpwa wangu alipita akiwa ameziba pua kwa tepu ya kupimia.

"Mjomba, umetembea nchi zote hizo ukakosa namna isiyonuka?"

"Zipo. Lakini babako alichagua hii."

"Babangu alizoea grisi. Sisi tuna wateja."

Na kweli mteja akaingia wakati huo huo, akasimama mlangoni, akavuta hewa kama mbwa wa polisi. "Fundi, kuna kitu kimekufia humu ndani?"

Huyo ndiye Bwana Mstari. Ni karani wa posta, mwembamba, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya suruali zake: mstari uliokuwa mbele ya mguu wake ungeweza kukatia sabuni. Hakuwa na mke wala mtoto, alikuwa na pasi. Watu walisema anapiga pasi leso, soksi, hata kamba za viatu, na yeye hakuwahi kukanusha. Alikuwa anashonesha shati jeupe kwa ajili ya picha mpya ya kitambulisho cha kazini. Ile ya zamani kola ilikuwa imelalia upande mmoja, na kwa miaka yote hiyo watu walioitazama waliiona kola, yeye hawakumwona.

"Hakuna kilichokufa," mdogo wangu akamjibu. "Huo ni mwaka wa kesho."

"Basi mwaka wa kesho utakuwa mbaya," akasema Bwana Mstari, akanyoosha mikono apimwe.

Ukungu ulipotanda juu ya glasi kama ngozi ya maziwa, tukasuuza. Zilizoelea tukamwaga. Zilizozama zilikuwa safi, kila moja na manyoya madogo kama ya kifaranga. Mdogo wangu alizitia kiganjani akazigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimwona anatabasamu bila kumtabasamia mtu.

Ubishi ukaja kwenye kuanika. Mimi nilisema sahani. Yeye akasema sahani hutoa jasho chini. Nikasema karatasi je? Akasema karatasi hung'ang'ania. Kila mtu huamini kile anachoshika kila siku, na yeye alishika kitambaa. Akakata kipande cha kanvasi, kile kitambaa kigumu kinachofichwa ndani ya kola ili isimame, akazipanga mbegu katikati yake kwa ncha ya sindano, safu kwa safu.

"Hii inanyonya maji na haing'ang'anii," akasema.

Iling'ang'ania. Zilipokauka zilishika kama zimetariziwa. Nikajaribu moja kwa ukucha, haikubanduka. Nilijiandaa kucheka, lakini yeye ndiye aliyetangulia kucheka. "Afadhali! Sasa hata upepo hauzichukui. Tutakata na kitambaa chake, tutapanda na kitambaa chake." Halafu akafanya jambo ambalo ni fundi cherehani tu angelifanya bila kufikiri. Aliitia ile kanvasi kwenye droo ya meza ya kukatia, juu ya kanvasi nyingine. Kwake kitambaa hukaa na vitambaa. Angekuwa mpishi angeziweka kabatini penye chumvi.

Siku ya kuchukua shati, umeme ulikatika tangu asubuhi. Mbingu nayo ilikuwa imefunga, duka likawa na giza la kijivu. Cherehani za miguu hazidai umeme, kwa hiyo kazi iliendelea. Mdogo wangu alikuwa ametoka kununua nyuzi, mimi nilikuwa uani natoa udongo wa zamani kwenye makopo. Bwana Mstari alikaa kwenye benchi kusubiri kola, maana picha ilikuwa kesho yake asubuhi, na mpwa wangu alikuwa akimtania huku anashona.

"Bwana Mstari, siku ukioa, mkeo utampiga pasi?"

"Akija amekunjamana, ndiyo."

Nilisikia kicheko mpaka uani. Kola ikaisha, shati likakunjwa. Mpwa wangu akaomba radhi kwamba halikupigwa pasi kwa kuwa umeme haupo. Bwana Mstari akamwambia asijali. Pasi yake hakuwahi kumwachia mtu tangu azaliwe. Akaondoka nalo, amelibeba kwenye mikono miwili kama sinia la mayai.

Mdogo wangu akarudi na nyuzi. Akavua viatu, akaniita nimletee kopo moja, tupime udongo. Akavuta droo. Akaitazama. Akapekua juu, akapekua chini, akatoa vipande viwili vyembamba vya kanvasi na kuvisogeza dirishani. Pembeni mwa kila kipande kulikuwa na mbegu mbili tatu zilizokatwa katikati na mkasi.

"Nani amechukua kanvasi ya juu?"

"Mimi, Mama," mpwa wangu akajibu. "Ya kola ya Bwana Mstari. Ilikuwa na vipele nikadhani ni gundi imegandia, nikaigeuza ndani."

Mdogo wangu akakaa kwenye benchi palepale alipokuwa amekaa mteja.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Babako yuko shingoni mwa Bwana Mstari."

Mpwa wangu akaanza kucheka, kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika kabla kicheko hakijamalizika mdomoni. Nikajaribu kuwatuliza. Nikasema kitambaani humo mbegu ziko salama, hata wiki zingekaa, tutamfuata kesho baada ya picha.

"Kesho?" Mdogo wangu akaniinukia. "Kaka, mtu huyu anapiga pasi kamba za viatu! Kola iliyotoka kwa fundi haijapigwa, atailaza hivyo hivyo?"

"Umeme haupo."

"Na pasi ya mkaa?" mpwa wangu akauliza.

"Ya mkaa haishiki, anasema inatema majivu." Mdogo wangu alikuwa anamjibu binti yake, lakini alikuwa anatazama balbu ya darini. Sote tukaitazama. Nimewahi kuomba mvua na nimewahi kuomba lifti, lakini kumwombea mtu asipate umeme ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Tukampigia simu. Ikaita mpaka ikachoka. Tukapiga tena. Mdogo wangu akavaa viatu, kimoja chake na kimoja cha binti yake, akaniambia twende.

Kwa Bwana Mstari si mbali, ni mwendo wa kuvuka soko na kupita nyuma ya mashine ya kusaga. Tulikuwa tunakwenda haraka lakini kwa heshima, mdogo wangu tepu bado imemning'inia shingoni, anawajibu watu salamu. Tulipofika kati ya soko, redio ya kinyozi ikapasuka katikati ya neno. Feni zikaanza kuzunguka. Mashine ya kusaga ikakohoa, ikanguruma. Soko zima likapiga kelele ya furaha: "Umeruuuudi!"

Sisi tukaanza kukimbia.

Mimi nimetembea sana, ila kutembea ni kazi moja na kukimbia ni kazi nyingine. Mdogo wangu aliniacha kwenye mafungu ya vitunguu. Nilisikia mtu akisema, "Fundi anafukuzwa na yule mzee!" na mwingine akanishika mkono, ikabidi nijieleze, na ukijaribu kueleza kwamba unakimbilia kola, ujue hutaachiwa upesi. Bahati mama wa vitunguu alinijua. "Mwacheni, huyo kaka yake. Siku zote yuko njiani."

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na chumba kinanuka kitambaa chenye maji kikiguswa na moto. Kila kitu humo kilikuwa kimenyooka: pazia, shuka, hata gazeti. Mezani palitandikwa blanketi lililokunjwa mara mbili, na pembeni chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Bwana Mstari alikuwa amesimama na pasi mkononi, na mdogo wangu amesimama upande wa pili wa meza, anahema, kidole amekinyoosha.

"Zima hicho kitu!"

"Fundi, hiyo ndiyo salamu?"

"Mbona hupokei simu?"

"Nikipiga pasi sipokei simu. Niliwahi kuunguza suruali kwa salamu za mtu." Akaiweka pasi wima, taratibu. "Na afadhali umekuja mwenyewe, maana kesho ningekuja kukusuta. Kola hii ina vipele. Nimeanza upande wa kushoto, nikanyunyizia maji, nikakandamiza, nikakandamiza, mpaka mkono umechoka. Sasa nilikuwa nahamia kulia."

Mdogo wangu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ikabidi niseme mimi, huku natafuta pumzi. Nikamweleza nyanya, marehemu, glasi, droo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mteja wa posta aliyepoteza kifurushi.

"Fundi akiharibu," akasema, "hakosi hadithi. Kuna aliyeniambia suruali yangu imeliwa na mbuzi. Lakini hii ya leo imezipita zote."

"Nifumue uone," mdogo wangu akasema. Alikuwa ameshatoa mkasi mdogo.

Bwana Mstari akalikumbatia shati. "Hapana! Picha ni kesho asubuhi."

"Nitakutilia kola mpya leo hii hii. Nisipoitia, nitakuja nikushike kola kwa mkono wangu mwenyewe, wakupige picha."

"Na kama humu hamna kitu?"

"Humo," mdogo wangu akasema, na sauti ikamshuka, "kuna kila nilichobakiwa nacho cha yule mtu kinachoweza kuota."

Bwana Mstari akalishusha shati mezani. Nikaona anafanya nilichotamani afanye: vidole vyake, bila yeye kuvituma, vilikuwa vinatembea kwenye upande wa kulia wa kola, vinahesabu vipele. Akausogeza kwenye balbu. Akageuza. Mtu mdadisi humtambua mdadisi mwenzake, nikajua ameshashindwa.

Akavuta droo, akatoa wembe. Akafumua mwenyewe, mshono kwa mshono, bila kugusa kitambaa, vizuri kuliko mafundi wengi. Kola ikafunguka kama ganda. Zilikuwemo.

Upande wa kulia zilikuwa vilevile nilivyozijua, na manyoya yake. Upande wa kushoto zilikuwa zimebadilika rangi kuwa ya chai, bapa, na manyoya hayapo. Bwana Mstari akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Hizi nimeziua?"

Nikasema yule mama wa bustani alikuwa akizitia mbegu kwenye maji ya moto ili kuua magonjwa, na ziliota.

"Maji ya moto si pasi, mzee," akasema. Alikuwa ameipeleka pasi yake mbali kabisa, dirishani, ameipa mgongo.

Jioni ile alipata kola mpya, akaipiga pasi mwenyewe pale dukani baada ya kuipapasa yote kwa dole gumba. Kitambulisho hicho nimekiona. Kola imenyooka kama rula, lakini uso ni wa mtu anayesubiri jibu.

Tulizipanda kesho yake, kila mbegu na kipande chake cha kanvasi, ya kulia kopo lake na ya kushoto kopo lake. Mdogo wangu aliandika juu ya makopo kwa chaki ya fundi: KULIA, KUSHOTO. Mimi mfuko wangu wa safari ulikuwa umeshafungwa. Nikaufungua kidogo tu, nitoe shati moja. Nilitaka kujua. Nimepanda vitu vingi katika maisha yangu, mahindi ya watu, mihogo ya watu, na karibu vyote niliviacha vikiwa vya kijani.

Bwana Mstari akawa anakuja kila akitoka kazini. Hakai, hagusi. Anasimama uani mikono nyuma, ameinama juu ya kopo la KUSHOTO.

"Ukizitazama hivyo zitaogopa," mpwa wangu alikuwa akimwambia. "Zinakujua."

Kulia zikatoka, karibu zote, shingo zimepinda kama watu wanaoamka. Mdogo wangu alipiga kigelegele kimoja kifupi, akarudi kushona. Kushoto kimya. Kulia zikatoa jani la pili, zikatoa la tatu. Kushoto kimya. Siku moja mdogo wangu akalishika lile kopo ili udongo wake auongezee kwingine, na Bwana Mstari, ambaye hajawahi kumzuia mtu kufanya usafi, akasema, "Fundi, tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini? Umezikandamiza mpaka mkono ukachoka, umesema mwenyewe."

"Sikukandamiza zote sawasawa. Pembeni kabisa pasi haifiki vizuri. Mwenye kujua pasi anajua."

Tukasubiri. Na alikuwa sahihi, ama alibahatisha. Nimewauliza watu wengi tangu hapo na kila mmoja ana jibu lake. Ulitoka mche mmoja, mwembamba, umechelewa kuliko wote, umeinuka na uzi wa kanvasi kichwani. Bwana Mstari aliuona kwanza. Hakuita mtu. Tulimkuta amechuchumaa mbele yake, suruali imekunjika magotini, na yeye hana habari.

Mvua ya msimu huo ilikuwa ya adabu. Nyanya zikaja, kijani kwanza, halafu rangi ya machungwa, halafu nyekundu, na marinda yake yote. Za kopo la KUSHOTO nazo zilikuwa hivyo hivyo, huwezi kuzitenga. Mdogo wangu alikata ya kwanza kwa kile kisu cha raba. Alitafuna akiwa amefumbua macho.

"Lete chumvi," akasema. "Leo haina."

Glasi ikarudi dirishani. Wateja wakafunga pua. Na safari hii zilianikwa kwenye sahani, mdogo wangu akizigeuza kila akisimama kunyoosha mgongo, na zilipokauka hakukubali zikae pamoja. Alisema mbegu za nyumba moja zinangoja balaa moja. Nyingine akazitia kwenye ile chupa ya dawa. Nyingine akampa mama wa vitunguu. Mimi nilipewa zangu kwenye kifuniko cha kalamu, na maneno juu yake: "Kiguu na Njia, hizi zikifika kwenye udongo, na wewe kaa chini. Usiniletee habari za majani." Nikamwambia nitajaribu.

Bwana Mstari alipewa zake kwenye kikaratasi kilichokunjwa. Akakitia mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo, akashukuru.

Asubuhi niliyoondoka, tulimwona anapita kwenda posta. Suruali ina mstari wake, mikono ya shati imenyooka, kola imesimama. Ila mfuko wa kifuani ulikuwa umekunjamana wote, kama umetafunwa na ndama. Alikuwa amelipiga pasi shati zima, akauzunguka mfuko kwa mbali, hakuugusa.

Mdogo wangu aliona. Akaacha kukanyaga cherehani, akamwita kwa sauti mtaa mzima usikie: "Bwana Mstari! Mfuko!"

Bwana Mstari akauwekea kiganja juu yake, akaendelea na njia yake.